Waliotoa Mitandio Yao

(Haya ni maneno ya mwenzetu mmoja, mfanya kazi wa njia ya reli, aliyoyasema mbele ya wafanya kazi wa namna mbalimbali waliokutana mjini Garissa. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ili na wale ambao hawakuwapo wapate kuyasoma.)



Kwanza nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nilipopata barua ya kuniita nilicheka kidogo, kwa maana mmemwita mtu wa reli katika mji usio na reli. Mwaka 2012 kule Lamu ulizinduliwa mpango mkubwa wa bandari, barabara na reli, na katika ramani reli ile yapita Garissa kwenda Isiolo. Bandari ilianza kupokea meli mwaka 2021, lakini sisi wa reli hatujagonga hapa hata msumari mmoja. Kwa hiyo nimekuja kwa basi, kama mnavyosafiri ninyi.

Walakini mimi si mgeni kabisa. Baba yangu alikuwa mpishi wa misheni mjini hapa, nami nilisoma katika shule ya msingi ya misheni, dawati moja na watoto wa Kisomali, wa Kipokomo, wa Kimunyoyaya na wa Kikamba. Elimu yangu ilikomea hapo. Baadaye nikaenda kutafuta kazi, na sasa natengeneza njia ya reli upande wa Mtito Andei. Basi nikikosea katika maneno yangu mnisahihishe, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja.

Nimeombwa niseme juu ya akina mama wa Kaskazini Mashariki, na jinsi wanavyoonyeshwa katika magazeti, redio na picha za sinema. Mtu aweza kuuliza: jambo hili lahusu nini wafanya kazi? Katika mikutano yetu tumezoea kusema juu ya mshahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Nitajibu kwa kuwaeleza yaliyonipata juzi katika safari.

Tulipotoka Nairobi nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima, yeye upande ule wa dirisha na mimi upande huu, njia ya kupitia ikiwa katikati yetu. Alikuwa akirudi Garissa na madumu matupu, kwa kuwa yeye huuza maziwa ya ngamia Eastleigh. Tulipopita Mwingi nikatoa simu yangu nikaanza kutazama picha moja ya sinema, iitwayo Watu Wote. Yule mama akasikia Kisomali kikitoka katika simu yangu, akageuka, akasema, "Mwanangu, hiyo ni nini? Iinue kidogo nami nione." Basi nikaiinua, tukaitazama pamoja.

Wengine wenu mwaijua picha hiyo. Ilitengenezwa mwaka 2017 na wanafunzi wa chuo cha sinema cha Hamburg, Ujerumani, na aliyeiongoza ni mwanamke, Katja Benrath. Haifiki nusu saa. Maneno yake ni Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa picha tano fupi zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Mwenye sehemu kubwa ni mwanamke wa Kikristo aitwaye Jua, na aliyeicheza sehemu hiyo ni Mkenya mwenzetu, Adelyne Wairimu. Jua amefiwa na mume na mtoto kwa mikono ya magaidi, na moyo wake umejaa uchungu juu ya Waislamu wote. Anapanda basi la Mandera. Njiani basi linatekwa.

Picha hiyo ni ya kubuni, lakini ilitokana na jambo la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, watu wenye bunduki walilisimamisha basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo huku. Kila mtu aliyekuwa ndani alijua maana yake. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa vivyo hivyo, na watu 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Siku chache baadaye wakauawa wafanya kazi 36 waliokuwa wakipasua mawe huko huko Mandera. Na mwezi wa Aprili 2015, katika mji wetu huu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Sina haja ya kuwaeleza habari hiyo, kwa sababu wapo humu waliobeba majeruhi.

Basi siku ile ya El Wak abiria walikataa kutengwa. Waislamu waliwaambia wale wenye bunduki kwamba kama ni kuua waue wote, kama sivyo wawaache wote. Na kabla ya hapo, ndani ya basi, akina mama wa Kiislamu walivua mitandio yao wakawapa akina mama Wakristo wajifunike, wasijulikane. Watu wawili walikufa siku ile, lakini wengine wengi walipona. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa kuwatenga wenzake, akafa mwezi wa Januari 2016. Rais alimpa nishani baada ya kufa kwake, na kwa haki kabisa. Jina lake lilienea dunia nzima, na katika ile picha ya sinema yumo.

Picha ilipokwisha, yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Yule mwalimu ni Salah Farah, Mungu amrehemu. Yule mwanamke wa picha ni Jua. Sasa yule aliyevua mtandio wake wa kweli, siku ile ya kweli, yeye jina lake nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nilitafuta katika simu habari za magazeti ya wakati ule, ya hapa kwetu na ya ng'ambo. Niliona jina la mwalimu. Niliona jina la abiria mwanamume aliyehojiwa, na majina ya wakubwa wa serikali waliotoa pongezi. Juu ya wale wengine, katika zote nilizozisoma, nilikuta maneno matatu tu: "wanawake wa Kiislamu".

Nilipomwambia hayo yule mama, nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alisema, "Labda hakutaka kutajwa. Njia ile bado anaipita, na watu wale bado wapo. Mtu aweza kuwa na sababu ya kuficha jina lake. Lakini mimi nauliza hivi: alipata kuulizwa?"

Ndugu zangu, hotuba yangu yote imo katika swali hilo. Mimi nilikuja na karatasi niliyoandika kwamba akina mama waonyeshwe zaidi katika sinema na magazeti. Karatasi ile nimeiacha katika begi. Mama wa Kaskazini Mashariki huonyeshwa sana. Kila ukame unapoingia, wapiga picha wanakuja, na mtu wa kwanza kupigwa picha ni mama amekaa kando ya mzoga wa ng'ombe, au mama ameshika dumu tupu la maji. Picha hizo si uongo, kwa maana ukame ni kweli. Lakini mama yule haulizwi jina, wala haulizwi ni nani aliyeihamisha familia yake, ni nani aliyeamua mbuzi gani auzwe na yupi abaki, ni nani aliyemtafutia mtoto karo. Mwanamume anayesimama kando yake ndiye anayehojiwa, au afisa aliyekuja na gari. Macho ya watu yanamwona, lakini masikio hayamsikii.

Na hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi katika nchi zaidi ya mia moja, wa kuhesabu watu wanaosikika, wanaosomwa na wanaoonekana katika habari. Katika kila watu 100, wanawake walikuwa 24 tu. Basi kama ni hivyo duniani kote, fikirini hali yake kwa sehemu kama hii yetu, ambayo kwa miaka mingi hata waume zake hawakusikika. Sheria za hali ya hatari zilidumu hapa tangu vita vya shifta mpaka mwaka 1991. Miaka yote ile habari nyingi za Kaskazini Mashariki zilitoka kwa askari na kwa maafisa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wengi wetu hatukuwapo, na mama alikuwa nyuma yetu.

Sasa nataka kuwaonyesha kwamba inawezekana kufanya namna nyingine, kwa sababu imekwisha fanywa, tena katika jimbo hili hili.

Mfano wa kwanza ni Wajir. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 koo zilipigana vibaya sana kule. Hata sokoni mama wa ukoo huu hakumwuzia wala hakununua kwa mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 akina mama wachache, waliokutana katika harusi, wakaanza kuzungumza juu ya jambo hilo. Mmoja wao aliitwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, wa mwaka 1964. Walianzia sokoni, wakasema soko liwe la kila mama, wakaweka na watu wa kuangalia kwamba neno hilo lashikwa. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, kutoka kwa wazee wakaiendea serikali. Mwaka 1995 ikawapo kamati ya amani ya Wajir, na baadaye sehemu nyingine za Kenya zikaja kujifunza kwao. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo kubwa kule Sweden, iitwayo Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya gari.

Ipo picha ya sinema juu ya kazi ile, iitwayo The Wajir Story. Imetumiwa nchi za mbali kufundishia watu jinsi ya kupatanisha. Na mwajua kwa nini Dekha anajulikana? Si kwa sababu kazi yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake wote. Yeye mwenyewe hakudai hivyo. Anajulikana kwa kuwa aliulizwa, naye akajibu kwa kinywa chake.

Mfano wa pili ni mzito. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilisema waliokufa ni watu 57. Walionusurika wamesema siku zote kwamba ni mamia kwa mamia. Waliobaki na watoto, na kunyimwa hata haki ya kuomboleza kwa sauti, ni wajane. Miaka mingi ikapita. Ndipo mwaka 2015 mwanamke wa Kenya, Judy Kibinge, akatoa picha ya sinema juu ya Wagalla, iitwayo Scarred. Hakuibuni. Aliwaendea waliopatwa na jambo lile, akawakalisha, akawasikiliza, na ulimwengu ukawaona wakisema wenyewe. Mtu aliyenyamazishwa miaka 30 akipewa nafasi ya kusema, hiyo peke yake si haki kamili. Lakini haki haiwezi kuanza pasipo hiyo.

Najua liko neno ambalo baadhi ya wazee wanalo moyoni, nami nalitaja mapema ili lisibaki chini ya meza. Mtu atasema: desturi yetu haimruhusu mwanamke kusimama mbele ya watu na kuonyeshwa katika sinema. Mimi si Msomali na sitawafundisha Wasomali desturi yao. Nauliza tu kama mtu aliyekulia hapa. Katika harusi nilizoziona utotoni, ni nani aliyekuwa akitunga buraanbur na kuiimba, watu wote wakinyamaza kumsikiliza? Ni mama. Katika mashairi yale mama alisifu, akakemea, akawasema hata wakubwa. Redio ya Kisomali ya hapa kwetu, kama Star FM, imekwisha peleka sauti za wanawake mpaka kwa wachungaji walio mbali na mji. Na mwaka 2017 watu wa Ijara, katika kaunti hii ya Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na jimbo la uchaguzi katika Kaskazini Mashariki nzima. Hakupewa kiti cha kuteuliwa. Alipigiwa kura na waume kwa wake. Basi sauti ilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni masikio ya wenye magazeti na wenye sinema.

Tena tusiwalaumu watu wa mbali tu. Nataka nikiri kosa langu mbele yenu.

Mimi ni mwandishi wa tawi letu la chama. Mwaka mmoja kambi yetu ya wafanya kazi wa njia ilikosa maji. Kamati yetu, sisi waume watano, tuliandika barua, tukaenda ofisini, tukaambiwa ngojeni, tukangoja. Wiki tatu zikapita. Siku moja asubuhi wanawake wawili wa gengi letu, pamoja na wake wa wafanya kazi, walichukua madumu yao matupu wakaenda kuketi mlangoni pa ofisi. Hawakutukana mtu. Walikaa tu. Mtu wa kuingia aliruka madumu, mtu wa kutoka aliruka madumu. Saa tisa alasiri lori la maji likafika kambini.

Basi mimi nikaandika habari hiyo katika karatasi ya chama. Nikaandika hivi: "Kamati ya tawi imefaulu kuwapatia wanachama maji." Nikatia na picha. Katika picha tulikuwa sisi watano, tumevaa makoti.

Mmoja wa wale wanawake wawili, ambaye hushika koleo pamoja nami kila siku, aliisoma karatasi ile wakati wa chakula. Aliikunja vizuri akanirudishia. Akaniuliza, "Ndugu mwandishi, katika hii kamati ni nani aliyebeba dumu?" Gengi lote likacheka, nami nikacheka, lakini chakula hakikunishuka. Na jambo hilo lilikuwa na hasara yake. Mwaka ule ule tulipochagua wajumbe wa kwenda mkutano mkuu, hakuna aliyemtaja mwanamke hata mmoja. Wangemtajaje? Kwa wale waliosoma karatasi yangu, wanawake hawakufanya neno lo lote. Tukapeleka waume, nao wakazungumza juu ya kambi na nyumba, wakasahau habari ya vyoo vya wanawake katika kazi za njia, jambo ambalo lilikuwa la kwanza katika hoja za wale akina mama. Wajumbe hawakuwa na nia mbaya; kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpaka leo mwenzetu yule akiwa kazini hutembea mbali.

Hapo ndipo nijibu lile swali la mwanzo, kwamba mambo ya magazeti na sinema yahusu nini wafanya kazi. Asiyetajwa katika habari hatajwi katika uchaguzi, na asiyechaguliwa hayuko mezani wakati wa kugawa. Mshahara, choo, likizo ya uzazi, usalama wa mwalimu mwanamke aliyepelekwa kufundisha mpakani, hayo yote hugawanywa mezani.

Tena kutengeneza sinema ni kazi kama kazi nyingine. Wanapokuja watu wa kupiga picha, mama anayesimama mbele ya kamera tangu asubuhi mpaka jua linatua amefanya kazi siku nzima. Yafaa ajue kabla ya kuanza: picha hii ni ya nini, itaonyeshwa wapi, atalipwa nini, na kama akitaka jina lake lisitajwe au uso wake usionekane, je, watamsikia? Kuli hapakii mzigo asioujua bei. Kwa nini mama atoe uso wake bila mapatano?

Bwana Mwenyekiti, nisiseme mengi bila kuleta shauri. Naleta mashauri matatu, nanyi myapime.

La kwanza, karatasi zetu wenyewe. Kila mwandishi wa tawi, kabla ya kupiga chapa habari yo yote, ajiulize ni nani aliyelifanya jambo hili. Kama aliyelifanya ni mwanamke, amwendee, amwulize alivyofanya, na amwulize kama ataka kutajwa. Akikubali, jina lake liandikwe lote, si "mke wa fulani" wala "mama mmoja". Akikataa, aheshimiwe, lakini maneno yake yaandikwe.

La pili, wageni wa kamera na kalamu. Wakija katika kazi zetu au katika soko, wasipelekwe kwa katibu na mwenyekiti peke yao. Wapelekwe na kwa akina mama, na mkalimani awe mwanamke kama akina mama wataka hivyo, maana yako maneno ambayo mama hatayasema yakipita katika kinywa cha shemeji yake. Na mapatano yafanywe kwanza, kama nilivyosema.

La tatu, picha yenyewe. Tunayo simu, na shule nyingi zina ukuta mweupe. Tuonyeshe hapa Garissa hizi picha zinazotusema, Watu Wote na nyingine, na baada ya kuonyesha tusiende nyumbani. Akina mama waseme kwanza: ni nini kweli, ni nini si kweli, ni nini kilichoachwa. Maneno hayo yapigwe chapa. Labda siku moja kutoka katika mazungumzo hayo atatokea binti wa Garissa atakayesema, "Sasa mimi nitashika kamera." Mwaka 1992 Anne Mungai alitengeneza picha ya Saikati, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuongoza picha ndefu ya sinema. Kabla ya mwaka huo hapakuwa na hata mmoja.

Namaliza. Basi letu lilipofika Madogo, kabla ya daraja la Tana, tulishushwa sote kuonyesha vitambulisho, kama mjuavyo. Tulisimama mstarini, Waislamu na Wakristo. Nilimtazama yule mama na madumu yake, nikafikiri: kama leo tungetekwa, huenda huyu angenivulia mtandio wake amfunike dada yangu, ambaye ni mwalimu katika jimbo hili. Na kesho yake mimi ningeandika, "Abiria waliokolewa."

Nikamwambia kwamba nimeitwa kuzungumza na wafanya kazi, na kwamba nataka kuyasema maneno yake. Nikamwuliza kama niyaseme, na kama nitaje jina lake. Alifikiri kidogo. Akasema, "Maneno yaseme yote. Jina liache. Mimi biashara yangu iko barabarani." Kisha akacheka, akasema, "Lakini umeniuliza. Ahsante."

Kwa hiyo mnaona sikulitaja. Nimefanya kama alivyotaka mwenyewe.

Ndugu zangu, iko siku reli itafika hapa. Nina hakika siku ile kamera zitakuwa nyingi, na waheshimiwa watasimama mbele ya garimoshi wakiwa na mikasi ya kukata utepe. Mimi, nikijaliwa kuwapo, nitakuwa na koleo langu kando ya njia. Nawaomba ninyi wafanya kazi wa Garissa mkumbuke kumshika mwandishi mmoja mkono, mmpeleke nyuma kidogo, penye akina mama wa maziwa wanaotaka kujua kama behewa litakuwa na mahali pa kutia barafu, na nauli ya dumu itakuwa kiasi gani. Hao ndio watakaoijaza garimoshi hiyo baada ya waheshimiwa kwenda zao. Waulizwe.

Umoja ni nguvu.